Nililichukia gari lake miaka mitano, sasa analiuza na mimi silali

Barua

Assalamu alaykum dada, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 49, kwetu Tanga. Naishi Birmingham, Uingereza. Mume wangu ni mtu wa Pemba, mwaka wa 24 huu tumeoana, na tuna watoto watatu. Yeye anaendesha basi la abiria, mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Nakuandikia alfajiri, nimetoka kazini, yeye keshaondoka, na mbele yangu ipo simu yenye tangazo lake la kuuza gari. Nimelisoma labda mara thelathini. Kila nikilimaliza narudi juu.

Gari ni Morris Minor Traveller la mwaka 1967. Kwa asiyelijua, ni gari dogo la familia la Kiingereza, lina uso wa mviringo na taa mbili kama macho ya mtoto, na kutoka milango ya mbele kurudi nyuma limefungwa fremu ya mbao inayoonekana kwa nje. Nilidhani mbao zile ni pambo. Kumbe ndizo zinazoshika paa na ubavu, zikioza gari halina mgongo tena. Za lile zilikuwa zimeoza. Alilikuta Septemba 2020 kwenye banda la mkulima upande wa Worcester, matairi yamezama ardhini, uyoga umeota kwenye mbao, panya wamezalia kiti cha nyuma. Alilipa pauni 900 akaniambia, "Miezi sita tu, mke wangu."

Imekuwa miaka mitano. Alikodi gereji mtaa wa pili, pauni 85 kwa mwezi, na Jumamosi na Jumapili zetu zote zikahamia huko. Alikata sakafu iliyoliwa na kutu, akajifunza kuchomelea bati akiwa na miaka hamsini na ushei. Injini yake ya cc 1098 aliifungua yote. Kabureta aliikosha kwenye sinia langu la kuchambulia mchele. Mbao wapo wanaoziuza zikiwa zimeshachongwa. Yeye alinunua chache, nyingine alizichonga mwenyewe kwa mti wa ashi, kwa randa ya marehemu baba yake aliyoletewa na mpwa wake kutoka Chake Chake. Mkwe wangu alikuwa seremala. Alifariki Aprili ya mwaka ule wa korona, ndege zimesimama, na mume wangu hakwenda kuzika.

Mwanzoni alikuwa akirudi na hadithi. Tunakula, anatusimulia habari za Alec Issigonis, aliyelibuni gari hilo: mtoto wa Smyrna, mji ambao leo ni Izmir ya Uturuki, akahamishwa na vita mwaka 1922, baba yake akafia Malta kabla hawajafika Uingereza. Na mtu huyo aliyekuja akiwa kijana ndiye aliyewaundia Waingereza gari wanaloliona ni lao kuliko yote. Akifika hapo mume wangu alikuwa akinyamaza kidogo, halafu anaingia kwenye kisa cha msumeno: kwamba kabla gari halijatoka mwaka 1948, Issigonis aliliona jembamba, akaamuru gari la majaribio likatwe katikati kwa urefu, kisha vipande vikasogezwa mbalimbali mpaka jicho lake likaridhika. Sentimita 10 hivi. Alimshika mkono binti yetu mdogo akampeleka gereji kumwonesha ule utepe ulioinuka katikati ya boneti, alama ya nyongeza ile.

Ramadhani ya 2023 nikazikata hadithi hizo. Binti yetu mkubwa alikuwa na jioni ya kupewa tuzo shuleni, na baba yake aliahidi kuja. Hakuja. Siku hiyo gari lilikuwa linapigwa rangi, mpiga rangi akachelewa. Mtoto alikuwa akigeuka kutazama mlango wa ukumbi mpaka mwisho. Kesho yake wakati wa kufuturu, mbele ya watoto, nikamwambia, "Chagua. Sisi au hilo bati lako." Nikaongeza na mengine ambayo siwezi kuyaandika. Hakujibu. Alimaliza tende yake akaenda tarawehe. Tangu siku ile gari halikutajwa tena ndani ya nyumba yetu. Aliendelea kwenda gereji, lakini alikwenda kama mtu anayekwenda zamu, na alirudi ameshanawa mikono. Nilishinda, dada, na nyumba ikanyamaza.

Mwezi wa tano mwaka huu likakamilika. Alilileta mpaka mlangoni, lile kijani ambalo wao wanaliita Almond Green, mbao zinang'aa kwa vanishi, akapiga honi mara moja. Watoto walitoka mbio. Mimi nilikuwa nimerudi zamu. Nilisimama nyuma ya pazia la chumbani nikatazama, sikushuka. Aliinua macho dirishani. Sijui kama aliniona. Mpaka leo sijakaa ndani ya gari lile.

Mwezi uliopita mwanangu wa kati akanionesha tangazo. Pauni 12,500. Ameeleza kila kitu, hata kasoro: kwamba mlango wa nyuma wa kushoto lazima uuinue kidogo ndipo ufunge, kwamba gia ya kwanza inalalamika asubuhi za baridi. Kwenye picha moja nimeiona kanga yangu niliyoitafuta tangu Idi, imetandikwa kiti cha nyuma. Na pale mtu anapoeleza kwa nini anauza, ameandika maneno machache tu ya Kiingereza, maana yake: kazi imekwisha.

Mnunuzi keshapatikana. Ni bibi mmoja wa Wales, muuguzi mstaafu, ambaye ujanani alikuwa akizungukia wagonjwa vijijini kwa gari kama lile. Alikuja na mwanawe, akakaa kwenye usukani akalia. Ametoa arubuni ya pauni 500, atakuja kulichukua mwisho wa mwezi ujao.

Sasa ngoja nikwambie jambo ambalo dada yangu wa tumbo moja halijui. Nina deni la kadi ya benki, pauni 6,400, na lina riba. Nilianza mwaka 2022, kaka yangu kule Tanga alipoanza kusafishwa damu kwa mashine. Nilimwambia mume wangu kuwa ndugu tumechangishana. Kweli tulichangishana, ila fungu langu nililikopa, na baada ya hapo nikaendelea kukopa. Februari mwaka huu nilikuta barua ya benki iko juu ya meza ya jikoni, bahasha imefunguliwa. Sikumbuki kama niliifungua mimi. Yeye hajasema neno.

Kwa hiyo sijui anauza kwa nini. Labda ni maneno yangu ya siku ile ya futari. Labda ameiona barua, na analilipa deni langu kwa njia yake bila kunifedhehesha. Nikimwambia asiuze, deni nitalilipa kwa nini, na nitamwelezaje machozi yangu bila kulitaja? Nikinyamaza, nitakuwa nimelipa siri yangu kwa miaka mitano ya mikono yake. Dada yangu ananiambia, "Mshukuru Mungu, mumeo anarudi nyumbani." Rafiki yangu ananiambia nimkimbilie mume wangu nimwambie nalipenda gari lile. Lakini sijui kama nalipenda. Najua tu kwamba nikifikiria ile gereji ikiwa tupu, roho inaniuma.

Nifanye nini, dada?

Mke wa fundi, Birmingham

Jibu

Wa alaykum salaam, na marahaba, mdogo wangu. Pole na zamu za usiku, na pole kwa kaka yako; hukusema anaendeleaje, nami namwombea.

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena siku ya pili. Mara ya kwanza niliiona ni barua ya gari. Mara ya pili niliona mambo matatu yamefungwa kwenye kitambaa kimoja: gari linaloondoka, maneno uliyoyasema miaka miwili iliyopita, na deni ambalo mumeo huenda analijua na huenda halijui. Umeyafunga pamoja kiasi kwamba ukigusa moja, mengine yanamwagika. Ndiyo maana huwezi hata kulia mbele yake. Naomba tuyafungue, tuliangalie kila moja peke yake, halafu wewe utajua yapi yanarudi pamoja.

Nianze na jambo unalolichukulia kuwa la hakika. Unasema hujui anauza kwa nini, lakini sababu zote mbili ulizozitaja zinatoka kwako: ama ulimi wako, ama deni lako. Je, haiwezekani kwamba uuzaji huu haukuhusu? Baada ya maneno ya futari yule bwana aliendelea miaka miwili mizima. Aliweka vioo, nyaya, viti, akapaka vanishi. Mtu aliyekusudia kukutii au kukukomoa angeliuza pale pale, likiwa limepigwa rangi tu. Wapo wengi hununua gari kama hilo mkononi mwa fundi na kulimalizia wao. Yeye alilifikisha mwisho, akalileta mlangoni kwenu, akapiga honi. Halafu akaandika kwamba kazi imekwisha. Wewe umeyasikia maneno hayo kama mtu anayefunga mlango kwa hasira. Mimi nimejaribu kuyasikia kwa sauti ya fundi aliyemaliza, na yamekaa sawa vilevile.

Umeandika mistari mitatu kuhusu mkwe wako kisha ukapita haraka. Niruhusu nirudi hapo. Seremala alifariki Aprili 2020, mwanawe hakumzika. Septemba mwanawe akaleta nyumbani gari ambalo mgongo wake ni mbao zilizooza, akalisimamisha upya kwa randa ya baba yake. Sitaki kukutungia kisa cha mumeo. Huenda aliliona gari la bei rahisi akalipenda, basi. Lakini kama kuna maziko yaliyokuwa yakifanyika taratibu ndani ya gereji ile, basi siku ile ulipolitaja "bati" hukujua ulichokuwa unakigusa, na huenda hata yeye hakujua. Na jambo jingine ambalo wewe uliyeolewa kwa maseremala unalijua kuliko mimi: seremala hakai na milango anayoichonga. Anaichonga, inakwenda kwa mwenye nyumba. Huenda kwa mumeo, yule bibi wa Wales aliyelia kwenye usukani ndiye mwenye nyumba. Na huenda siku ile bibi akilitoa gari barabarani, mumeo atajuta mpaka mifupa. Yote mawili yanawezekana, na hakuna anayeweza kukwambia isipokuwa yeye.

Sasa maneno yako. Kabla ya kuyaomba radhi, yatendee haki kidogo. Hukulalamika bure. Jumamosi na Jumapili za miaka ile zilikwenda, na mtoto aligeuka kutazama mlango mpaka mwisho. Hilo lilitokea, na msamaha wako haulifuti. Kilichokuwa na makali ni namna ulivyolisema na mahali ulipolisema. Na sidhani kama ulikuwa wa kwanza kulidharau gari lile. Inasimuliwa kwamba hata Lord Nuffield, mwenye kampuni ya Morris, alipooneshwa alilifananisha na yai lililochemshwa bila ganda, hakulitaka. Gari hilohilo mwaka 1960 likawa la kwanza la Kiingereza kufikisha milioni moja, na lilipokoma kuundwa yalikuwa yamepita milioni 1.6. Mtu anaweza kukosea kuhusu kitu bila kuwa mtu mbaya.

Lakini nakuomba uangalie jambo moja. Kuomba radhi kunapobeba ombi ndani yake, msikiaji husikia ombi tu. Ukimwambia "nisamehe kwa maneno yale, na tafadhali usiuze," mumeo atabaki na "usiuze" mkononi, na itabidi ajibu hilo. Ukimwambia "nisamehe kwa maneno yale" ukanyamaza, hapo umempa kitu ambacho hakidai jibu. Anaweza asiseme neno, ndivyo alivyo. Usiupime msamaha kwa majibu yake ya siku hiyo.

Kuhusu kumzuia. Kabla ya kukujibu nilikaa na fundi anayeyajua magari hayo, kwa sababu sikutaka kukwambia "libakizeni" kana kwamba gari ni picha ya ukutani. Aliniambia kuwa Minor si gari la gharama kubwa kulimiliki Uingereza. Kwa kuwa limepita miaka 40, likisajiliwa kama gari la kale halilipiwi kodi ya barabara, halilazimiki kukaguliwa kila mwaka, na hata ile tozo ya hewa safi, wanayotozwa wenye magari yanayochafua hewa katikati ya Birmingham, haliihusu. Bima ya magari ya kale kwa kawaida ni nafuu. Lakini gari hilo linataka mtu. Mbao lazima zipakwe kabla maji hayajaingia kwenye viungo. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi inakula bati. Magurudumu ya mbele yamekaa juu ya viungo vyenye uzi kama wa skrubu, vinavyotaka grisi mara kwa mara. Vikisahauliwa vikalika, gurudumu hukunjika chini ya gari likiwa linakwenda. Na petroli ya kawaida inayouzwa huko tangu 2021, yenye ethanoli asilimia 10, inadhuru mipira ya zamani inayopitisha mafuta, kwa hiyo yapasa kununua ile ghali au kubadilisha mipira yote. Kwa ufupi, gari likibaki, gereji inabaki. Pauni 85 zinabaki, na baadhi ya Jumamosi zinabaki. Ukimwomba asiuze, je, uko tayari kwa hizo? Au unataka gari libaki na gereji iondoke? Hilo usilijibu haraka. Umesema kinachokuuma ni kuifikiria gereji ikiwa tupu, na nililiona neno hilo, kwa sababu gereji ndiyo uliyopigana nayo.

Wapo wanaoyakodisha magari kama hayo kwa maarusi, na Traveller lenye mbao zake hupendeza picha. Njia hiyo ipo, lakini bima yake ni nyingine, na harusi ni Jumamosi. Mtarudi palepale, ila safari hii kwa malipo.

Na mnunuzi asisahauliwe. Kupokea arubuni ni kutoa ahadi. Ikiwa mtaghairi, bibi yule arudishiwe pesa zake mapema na aambiwe ukweli, asije kutoka Wales na mwanawe akakuta mlango umefungwa. Wala usimpigie wewe simu kwa siri, hata kwa nia njema. Siri moja inakutosha.

Nimefika kwenye siri hiyo. Pauni 6,400 zilizotokana na damu ya kaka yako ni deni ambalo sioni aibu ndani yake. Najua kwako riba ina uzito wake mbele ya Mungu, na sitajifanya sheikh. Lakini tofautisha deni na kuficha. Deni lina hesabu, na hesabu ina watu wa kusaidia: huko Uingereza mashirika kama StepChange, National Debtline na Citizens Advice hutoa ushauri wa madeni bila malipo, na unaweza kwenda peke yako, mtu mwingine asijue. Wanaweza kukaa nawe kwenye mapato na matumizi, na pengine kuzungumza na benki kuhusu riba. Ukienda huko kwanza, utamkabili mumeo ukiwa na karatasi yenye mpango badala ya kilio tu. Hatari yake ni kwamba utajipa sababu ya kuchelewa, wiki mbili zikawa nne, na mwisho wa mwezi ujao ukafika.

Hapo ndipo ninapokaa na wewe muda mrefu zaidi, kwa sababu siku zenyewe zina uzito. Ukimwambia kabla gari halijaondoka, unamwachia uamuzi akiwa anajua yote: anaweza kusema aliuza kwa sababu zake na pesa zina kazi nyingine, anaweza kusema alijua tangu Februari, anaweza kukasirika, na ana haki ya kukasirika, ukasikia maneno ambayo safari hii utayamaliza wewe na tende yako. Ukimwambia baada ya gari kuondoka, pengine atauliza kwa nini ulingoja. Na usipomwambia kabisa, huenda maisha yakaendelea, wapo wanaoendelea hivyo. Ila wewe umeshaandika mwenyewe jinsi utakavyoziita pesa hizo, na nahofia utaziita hivyo kila ukipika. Pia jihadhari na matumaini kwamba alishajua. Ni tumaini tamu, linakuondolea kazi ya kusema. Lakini bahasha iliyofunguliwa si mazungumzo, na kama hakuisoma, utakuwa umeijenga nyumba juu ya karatasi ambayo huenda uliichana wewe mwenyewe ukiwa na usingizi.

Kuhusu hesabu, usidhani pauni 12,500 ni pesa zilizodondoka. Kwa magari haya risiti zikijumlishwa mara nyingi huipita bei ya kuuzia, hata kabla hujahesabu mikono. Mumeo anaijua jumla yake. Muulize siku moja, si kwa kumhoji. Muulize kama unavyomuuliza mtu shamba lake limetoa magunia mangapi. Nahisi ana faili mahali fulani yenye kila karatasi.

Rafiki yako anataka ukimbie ukaseme unalipenda gari. Mimi nakushukuru kwamba hukufanya hivyo, kwa sababu hulijui. Umelitazama kwa dirisha. Yapo majuma kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Siku ambayo hukukesha, mwombe akupeleke mahali, popote, hata Longbridge ambako injini zile zilikuwa zikitoka, si mbali na mnapoishi. Msizungumze uamuzi wowote siku hiyo. Keti mbele, sikiliza gia ya kwanza ikilalamika. Huenda ukarudi ukijua kwamba hukulihitaji gari kamwe, ulizihitaji zile hadithi za mezani. Huenda ukarudi ukiwa tayari kwa gereji na grisi yake. Na huenda ukamwona akiliendesha, ukajua kutokana na uso wake tu kama yuko tayari kulikabidhi au bado. Miaka 24 inatosha kuusoma uso huo, ukiwa karibu nao.

Mkifika, muulize akuoneshe ule mlango wa nyuma wa kushoto, namna ya kuuinua ndipo ufunge. Na kanga yako usiichukue kwenye kiti kimyakimya. Muulize aliitandika pale lini.